Mkaguzi wa Nyama na Kitabu Kinene

Katika miaka kumi na miwili niliyofanya kazi na Mkaguzi, nilimwona akila nyama mara moja tu. Alikula mbele ya watu wengi, akiwa amesimama, na uso wake haukuonyesha raha yoyote. Siku nyingine zote alikula maharagwe. Alikagua nyama ya mji mzima wa Isiolo, ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia, akaipiga muhuri wa zambarau na kuturuhusu sisi wengine tuile, kisha akaenda zake kwenye kibanda cha mama mmoja Mmeru kuagiza githeri, mahindi yaliyochemshwa na maharagwe. Mchinjaji mkuu hakupendezwa na jambo hili. Alisema mtu anayejua kilichomo ndani ya ng'ombe, halafu anachagua maharagwe, basi kuna kitu anatuficha.

Akiulizwa sababu, alimpa kila mtu yake. Mimi aliniambia ni meno. Mchinjaji aliambiwa ni tumbo. Afisa wetu, aliyekuwa mkubwa wa ofisi na mtu wa kanisa, aliambiwa ni nadhiri, naye hakuuliza tena.

Nitaeleza kwa nini alikula siku ile moja, na pia nitaeleza uongo tuliousema siku hiyo hiyo, yeye na mimi. Uongo ule uliokoa ng'ombe wa mjane mmoja. Mjane aliusahau mapema. Mkaguzi hakuusahau, na kwa miaka mingi alitafuta mtu wa kumwambia kwamba haukuwa uongo.

Mimi nilikuwa karani wa ofisi ya mifugo, mpiga chapa. Nimezaliwa Kiwanjani, mtaa wa hapo hapo Isiolo, katika familia ya Kisomali ambayo babu yake alikuja na jeshi la Waingereza akasahau kurudi kwao. Ndugu zangu wote walipewa malori. Mimi nilipewa shule, kwa sababu lori lilikuwa limekwisha. Mkaguzi aliniita Karani na mimi nikamwita Mkaguzi, na nikimtaja hapa kwa jina lake nitahisi naandika habari za mtu mwingine. Kwao wapi, sijui. Wameru walisema ni Mturkana aliyesoma, Waturkana walisema ni Mmeru aliyepotea. Waislamu aliwasalimia kwa salaam aleikum, Wakristo kwa habari, na Waborana kwa nagaa, na salamu zote tatu alizitoa kwa sauti moja, kama mtu anayesoma namba ya gari.

Kila Ijumaa alikuja mezani kwangu na daftari lake ili nimpigie chapa ripoti ya wiki. Alisimama nyuma ya kiti, akasema sentensi, nami nikaiandika. Kisha akanyamaza akiifikiria. Ikiwa ni jambo aliloliona kwa macho yake, alisema, "Andika hivyo." Ikiwa ni jambo aliloambiwa, au alilodhani, alisema, "Futa." Nilitumia raba nyingi kuliko ofisi nyingine yoyote ya wilaya. Siku moja nilimwandikia kwamba mbuzi fulani alikufa kwa njaa. Aliuliza kama mimi nilimwona akiwa na njaa. Nikasema hapana, lakini mbavu zilihesabika. "Basi andika mbavu," alisema.

Usidhani alikuwa jasiri kwa sababu alishinda katika damu. Hakuweza kumtazama mnyama akichinjwa. Alifika machinjioni alfajiri kabla ya wote, akiwa amevaa gambuti na koti jeupe, akasimama nje amegeukia ukuta mpaka aambiwe tayari. Hapo aliingia, na kuanzia hapo hakuna kilichomtisha. Alipasua ini, akalifungua pafu, akakata tezi moja moja, akinusa na kubonyeza. Lakini ng'ombe akiwa bado anapumua, Mkaguzi alitazama ukuta. Nadhani hiyo ndiyo sababu ya maharagwe, ila sikuiona kwa macho, kwa hiyo yeye angesema futa.

Muhuri wake haukuwa na ndugu. Mzee mmoja mkubwa wa mji, ambaye hata afisa wetu alisimama akimwona, alileta kondoo wa harusi mwenye ini lililojaa minyoo. Mkaguzi alilitumbukiza ini kwenye shimo na chokaa juu yake. Mzee alimwuliza kama anajua anazungumza na nani. Mkaguzi alijibu kwamba minyoo haikumwambia. Tulitarajia ahamishwe. Hakuhamishwa, kwa sababu ili kumhamisha mtu lazima apatikane mwingine anayetaka kuja Isiolo.

Kitu kilichomfanya azungumze zaidi ya sentensi tatu kilikuwa kimoja: mbegu. Sisemi mbegu za mahindi. Ninasema mbegu ya fahali na yai la ng'ombe jike. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili niliyelelewa vizuri, na mara ya kwanza aliponieleza nilitazama mashine ya chapa mpaka akamaliza. Baadaye nilizoea. Aliyasema mambo hayo bila aibu na bila utani, na mtu akisema hivyo hata aibu ya msikilizaji inakosa pa kushika.

Aliniambia hivi. Amefungua wanyama maelfu. Ngozi ikikatwa, inaota ngozi. Haijaota kwato hata siku moja. Ini likivimba, uvimbe wake ni wa namna ya ini. Kila chembe ya mwili imekwisha kupewa kazi yake na haijui nyingine. Mbegu peke yake ndiyo haijaambiwa kazi. Ndani yake kuna ngozi na kwato na ini na jicho, vyote vinangoja. Halafu fahali. Fahali anapanda majike miaka kumi na mbegu haimwishii. Inatoka wapi? Ghala lolote ukichota linapungua. "Kwa hiyo iko moja haitoki," alisema. "Ingine zinatoka, hiyo inabaki nyumbani na kuzaa ingine. Lazima iko mama anabaki."

Nilimwuliza kama ameliona hilo kwa macho. Alifikiri. "Hapana," alisema, "hiyo usiandike."

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, mwaka ambao mvua ndefu hazikufika Sericho, mbali kwenye nyika ya mashariki, na huko hata mvua zikifika maji ni shida. Mjane mmoja wa Kiborana, ambaye nyumbani kwetu tulimwita Mama wa Sericho, alileta ng'ombe wanne kuuza Isiolo ili anunue unga. Ng'ombe waliswagwa siku nyingi na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Yeye alikuja kwa lori la kaka yangu, na kwa kuwa hakuwa na mwenyeji mjini, mama yangu alimtandikia mkeka chumbani mwangu. Usiku alitueleza shida yake. Shemeji alitaka amrithi, yaani awe mke wake pamoja na ng'ombe waliobaki, kama desturi inavyoruhusu. Yeye hakutaka. Alisema mume alikuwa naye mmoja na alimtosha. Mradi ng'ombe wake wanauzika na watoto wanakula, hakuna wa kumlazimisha. Siku wakiacha kuuzika, wazee watampa shemeji kundi lote, na yeye mwenyewe kama nyongeza.

Kati ya wale wanne alikuwapo jike mmoja mwekundu mwenye tumbo kubwa, ambaye watu walisema ana mimba karibu mwaka wa pili na hazai. Ndiye aliyechinjwa kwanza. Mkaguzi alikuwa nje akitazama ukuta aliposikia vishindo, akaona wachinjaji wote wakitoka mbio, mchinjaji mkuu akiongoza na kisu chake mkononi. Aliingia peke yake. Kwenye kifuko cha mayai, kile ambacho kwa kawaida kinalingana na tunda la zambarau, alikuta uvimbe mkubwa wa kulemea mikono miwili, umechanwa na kisu upande mmoja na nywele zikichungulia. Akaupasua wote. Ndani yake mlikuwa na mafuta, na nywele nyekundu ndefu rangi ya yule ng'ombe, na kipande cha mfupa, na kwenye mfupa meno matatu meupe, yamekaa sawasawa.

Alinitumia mtu ofisini, nikaja. Nilikuta mchinjaji mkuu mlangoni akisema, "Hii imezaa na jini. Mimi nyama yake sigusi." Watu walikwisha kujaa, wachuuzi, madereva, wanawake wa maziwa. Shemeji alikuwapo, naye hakuonekana kuhuzunika. Alianza kusema, polepole na kwa uchungu mwingi, kwamba hili ndilo aliloliogopa, kwamba kundi la marehemu limeingiliwa, na kwamba ng'ombe kama hao hawawezi kukaa na mwanamke peke yake. Mama wa Sericho alikuwa amesimama pembeni ameshika ncha ya shela yake kwa meno. Sijapata kumwonea mtu huruma kama siku ile, na sikujua la kufanya.

Hapo Mkaguzi alitoka, na kwa kutaka kusaidia akaharibu kabisa. Aliwaambia watu ukweli kama alivyouelewa.

"Hapana jini," alisema. "Hii kitu haina baba. Yai imejianza yenyewe."

Kisha kelele zikaanza upya, kubwa kuliko za kwanza. Jini lina afadhali, jini watu wanalijua na dawa zake zipo. Lakini ng'ombe wanaojianza bila dume, nani atawanunua? Saa tatu asubuhi habari ilikuwa imefika Kiwanjani kwamba Serikali imethibitisha ng'ombe za yule mama hazihitaji fahali. Wale watatu waliobaki kizimbani walipata nafasi kubwa, kwa sababu kila mfanyabiashara aliondoa wa kwake karibu nao.

Mchuuzi mmoja alikwenda kumwita sheikh. Sheikh wa msikiti wetu alikuwa mzee mwenye akili na mwenye haya, asiyependa mkusanyiko. Alimsikiliza mchinjaji, akamsikiliza shemeji, akaomba kuuona uvimbe, akautazama kwa muda bila kuziba pua. Kisha akamwambia Mkaguzi, kwa upole, kwamba neno lake limemtia taabuni.

"Kama ni ugonjwa, ugonjwa tunajua, ni wa Mungu, na hiyo nyama nyingine mtu anaweza kula," alisema. "Lakini wewe umesema haina baba. Adamu hana baba wala mama. Isa hana baba. Wa tatu sisi hatukuambiwa."

Nilimtazama Mkaguzi na nikaona sasa ameelewa alichofanya. Alijaribu kusema kwamba ni ugonjwa, namna ya uvimbe. Sheikh akamwuliza swali ambalo mtu wa kitabu lazima aulize. Je, imeandikwa mahali?

Sasa huyu ni mtu ambaye hakuwahi kuniruhusu kuandika njaa ya mbuzi. Alitazama kizimba. Alimtazama Mama wa Sericho na ile ncha ya shela.

"Imeandikwa," alisema. Kisha akanigeukia. "Karani, leta kitabu."

"Kitabu gani?"

"Kile kinene."

Ofisi yetu ilikuwa na vitabu vitatu. Kimoja kilihusu majosho ya kupe, kimoja hakikuwa na jalada wala mwanzo, na kile kinene kilihusu namna ya kuchuna, kuwamba na kukausha ngozi. Nilikwenda nikakileta. Njiani nilikuwa na nafasi ya kugeuka, maana ofisi haikuwa karibu, lakini sikugeuka. Mkaguzi alikipokea kwa mikono miwili, akalamba kidole, akafungua katikati. Kilikuwa cha Kiingereza, na pale uwanjani tuliojua kukisoma tulikuwa wawili. Nilisimama ubavuni mwake, nikaona ukurasa vizuri. Kulikuwa na picha ya ngozi imewambwa kwenye fremu ya miti, na chini yake maneno ya kuonya kwamba ngozi isikaushwe juu ya ardhi.

Mkaguzi akasoma kwa Kiswahili, polepole, akifuata mstari kwa kidole.

"'Uvimbe wa kifuko cha mayai. Unaota nywele na meno. Si mimba, si jini. Ni mbegu imeanza kazi kabla ya kuambiwa. Nyama nyingine ya mnyama ni safi. Mnyama hana makosa, na mwenye mnyama hana makosa.'"

Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu hakuna kitabu cha Serikali kinachomjali mwenye mnyama kiasi hicho. Sheikh hakuwa mjinga. Akanitazama mimi, ambaye yeye alinifundisha juzuu ya kwanza nikiwa na meno ya utoto.

"Binti yangu, wewe unasoma Kizungu. Ni hivyo imeandikwa?"

"Ni hivyo, sheikh."

Aliitikia kwa kichwa mara moja. Akasema ugonjwa ni ugonjwa, asiyetaka kula asile, lakini asimwekee mwenzake haramu isiyokuwapo. Akaenda zake msikitini. Niliswali sana wiki ile.

Jambo la dini lilikuwa limekwisha, lakini la tumbo bado. Mchinjaji mkuu alisimama mbele ya nyama iliyotundikwa, muhuri wa zambarau ukiwa umeshakauka juu yake, akasema kitabu ni kitabu, ila Bwana Mkaguzi mwenyewe hali nyama na kila mtu anajua. Kama ni safi, ale. Watu wakaitikia. Mkaguzi akauliza ni sehemu gani wanataka ale. Mtu mmoja akasema ini.

Lilichomwa pale pale kwenye makaa ya mama wa chai. Mkaguzi alivua koti jeupe, akalikunja, akanipa nishike. Alikula ini kipande kwa kipande mpaka likaisha, akitafuna kila kipande muda mrefu, macho yake yakiwa kwenye ule ukuta wake wa kila siku. Alipomaliza alifuta mikono, akamwambia mchinjaji kwamba limekosa chumvi. Baadaye nilimkuta nyuma ya ofisi ameinama, nikampelekea maji.

Nyama ya yule jike iliuzwa yote kabla ya adhuhuri, kwa sababu watu wa Isiolo hawawezi kuona mtu anakula halafu wao wasile. Wale watatu waliuzwa kesho yake. Mama wa Sericho alipanda lori la kaka yangu akiwa amekalia magunia yake ya unga. Shemeji alirudi kwa miguu. Kabla ya kuondoka, mjane alitaka kumpa Mkaguzi mtamba mmoja atakayemleta msimu ujao, naye akakataa, akasema kazi ya Serikali hairuhusu. Mjane akaniuliza kama huyu mtu hana ndugu. Nikamwambia sijawaona.

Ule uvimbe Mkaguzi aliutia kwenye chupa kubwa ya kioo yenye fomalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, akaiweka juu ya kabati la faili nyuma ya mgongo wangu. Nilifanya kazi miaka kumi nikitazamwa na meno matatu. Watoto wa shule walikuja kuiona, na wageni kutoka Nairobi walihamisha viti. Kila Ijumaa ya pili nilipanda juu ya stuli kuongeza dawa, na ilifika mahali nikawa nazisalimia zile nywele.

Mwezi ule ule aliniambia niandike barua kwa maabara kubwa ya mifugo Nairobi. Ilieleza uvimbe, uzito wake, rangi ya nywele, idadi ya meno, kisha ikauliza swali moja: je, jambo hili limeandikwa mahali, na kama limeandikwa, ni kitabu gani? Nilipofika hapo nilisimamisha vidole. Yeye akatazama dirishani. "Andika hivyo," alisema.

Miezi ilipita, jibu likaja kwamba fomu iliyotumika si yake. Tukajaza fomu. Mwaka uliofuata tukatuma na kipande, wakajibu kimefika kimeharibika. Mwaka wa tatu wakajibu kwamba hali hiyo haina umuhimu kwa biashara ya mifugo. Barua zilikwenda kila mwaka, mwezi ule ule, na afisa aliamini Mkaguzi anatafuta cheo. Mimi nilijua anachotafuta. Hakutaka sifa ya kugundua. Alitaka mtu mwenye kitabu amwambie kwamba alichomsomea sheikh kipo. Sikuwahi kumwambia kwamba hata mimi nakihitaji, maana sheikh alikuwa amekwisha kufariki na sikuwa nimemrudia kumwambia kweli.

Ukame wa themanini na nne ulipokuja, Sericho ilibaki mifupa. Kaka yangu alirudi na habari za Mama wa Sericho: kundi lote limekwisha, amebaki na jike mmoja, binti wa yule mwekundu, ambaye alimlisha kwa mkono maganda ya migunga. Watoto wazima. Shemeji alikuwa amehama, ng'ombe hawakuwapo tena wa kurithi. Nililia mezani. Mkaguzi alikuwa akijaza wino kwenye muhuri.

"Amebaki mmoja?" aliuliza.

"Mmoja."

"Jike?"

"Jike."

"Basi hawajaisha," alisema, akaendelea na wino. Nilimkasirikia siku nzima kwa maneno hayo. Baada ya miaka michache mama yule alikuwa na saba, wote wekundu, na mimi nikaacha kukasirika bila kumwambia.

Alistaafu akahamia Ngaremara, nyumba ya mabati kando ya barabara kuu, na chupa yake akaondoka nayo akiwa ameipakata ndani ya basi. Nasikia alipata kiti peke yake.

Mara ya mwisho nilimtembelea mwishoni mwa miaka ya themanini. Ofisini alikuwa ameletwa daktari kijana wa mifugo, msichana aliyetoka chuo kikuu, mwenye sanduku zima la vitabu. Siku moja alikuwa akila chakula cha mchana na kitabu kimefunguliwa mbele yake, nami nikapita nyuma yake nikaona picha. Nilikaa chini bila kukaribishwa. Zilikuwa nywele, na mfupa, na meno. Nikamwomba tafadhali anipeleke Ngaremara, na alete kitabu.

Mkaguzi alikuwa amekonda, amekaa nje kwenye kigoda akichambua maharagwe. Alinisalimia kwa salaam, akamsalimia daktari kwa habari, kwa sauti ile ile. Chupa ilikuwa dirishani. Daktari alipoiona alifurahi kwa dhati, akaisifu, mtu wa kwanza kuisifu tangu iwepo. Akafungua kitabu, akatutafsiria. Uvimbe wa kifuko cha mayai au korodani. Huota nywele, mfupa, meno. Si mimba. Unatokana na chembe ya mbegu iliyoanza kujigawa yenyewe. Mkaguzi aliomba asome tena, akasoma tena. Akauliza ni habari ya mwaka gani. Daktari akasema hii ni ya zamani sana, iliandikwa kabla hatujazaliwa sote watatu, na kwamba pale Nairobi mtu yeyote wa maabara angeweza kumwambia.

"Nilikuwa na fomu mbaya," alisema Mkaguzi.

Daktari akaendelea kwamba jambo jipya ni lingine. Huko ng'ambo wamechukua uvimbe kama huu kwa panya, na ndani yake wamekuta chembe ambazo bado hazijachagua kazi. Wanazilea kwenye vyombo vya kioo, zinazaana bila kuisha, nyingine zinabaki vile vile, na nyingine zikisukumwa zinageuka kuwa neva, au msuli, au moyo unaodunda.

"Panya," alisema Mkaguzi.

"Ndiyo, mzee. Panya."

Akaitazama chupa kwa muda mrefu. "Wanazilea hai," alisema. "Mimi nilitia fomalini. Na ilikuwa bado na joto."

Daktari alimwambia kwamba hakuwa na njia nyingine, na ni kweli. Kisha akatuacha akaenda kutazama kuku. Mkaguzi alirudi kwenye maharagwe yake, akatoa jiwe moja, akalitupa.

"Karani, kwa hiyo siku ile ilikuwa imeandikwa."

Nilikuwa nimengoja miaka mingi kusikia hivyo, na nilipokuwa njiani nilidhani nitamwambia ndiyo, tuachane na mzigo huu wote wawili. Lakini niliona uso wake, nikajua hataki ndiyo ya bure. Alikwisha kuipata moja kutoka kwangu, siku ile mbele ya sheikh.

"Ilikuwa imeandikwa," nilisema. "Lakini si kwa kile kitabu. Wewe hukuwa unajua, na mimi niliona ngozi imewambwa. Tulimdanganya sheikh."

Alisimamisha mkono. Niliona midomo yake ikirudia sentensi ile, kama alivyofanya kila Ijumaa nyuma ya kiti changu, akiikagua neno kwa neno.

"Andika hivyo," alisema.